Somo la Robo Hii: Nani Atalinda Pori Bila Posho?



Somo la robo hii limetokana na maswali mawili ambayo ofisi yetu ya miradi huulizwa karibu kila kikao. Kamati za sharika hutuuliza: hawa wanaojitolea kulinda kilima na ufukwe wataendelea hadi lini bila posho? Wafadhili nao hutuuliza: mmepanda miche mingapi? Maswali yote mawili ni halali, kwa sababu mwenye kutoa muda wake na mwenye kutoa fedha zake wote wana haki ya kujua mchango wao umeishia wapi. Tunaona, hata hivyo, kwamba sehemu kubwa ya majibu imekwishapatikana hapa hapa Usukumani, miaka mingi kabla ya andiko letu la mradi. Ndiyo maana somo hili halianzi na mradi wetu. Linaanza na neno moja la Kisukuma, ngitili.

Mahali tunapozungumzia

Kwa wasomaji wa mbali: Bujora iko Kisesa, wilaya ya Magu, kilomita zisizozidi ishirini kutoka Mwanza mjini ukifuata barabara ya Musoma. Wengi wanaijua kwa sababu ya Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko kwenye eneo la parokia ya jirani zetu Wakatoliki. Kazi hiyo ilianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kila mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, Bujora hujaa watu wa ngoma za Bulabo, na Wagika na Wagalu hushindana mpaka vumbi linasimama angani.

Wageni hupenda sana ngoma ya nyoka. Ni wachache wanaokaa kufikiri kwamba vyama vile vya ngoma vilikuwa pia vyama vya kazi. Bayeye walijua nyoka, walijua dawa ya aliyeumwa, na walimfundisha kijana hatua kwa hatua kabla ya kumruhusu ashike chatu mbele ya watu. Banunguli walikuwa wawindaji wa nungunungu, mnyama anayemaliza mihogo na viazi vya mkulima usiku mmoja. Bugobogobo, ngoma inayochezwa kwa majembe, ilitoka shambani, ambako watu walilima kwa pamoja huku ngoma ikiwapa mwendo. Hatusemi kwamba wazee hawa walikuwa wahifadhi kwa maana ya leo. Nungunungu aliyekamatwa aliliwa. Ila walikuwa na kitu ambacho miradi mingi hukitafuta kwa semina: chama chenye mwalimu, mwanagenzi, sheria na heshima, kilichofanya kazi ya jamii bila kulipwa mshahara.

Sasa tazameni pori lililobaki Bujora na jirani zake. Ni vilima vya mawe makubwa ya itale, penye pimbi kwenye nyufa, migunga na vichaka vya miiba katikati ya mawe, na ndege wengi. Chini kuna ukanda wa ziwa wenye matete na mafunjo, ambamo samaki wachanga hujificha. Saanane ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013 na ina askari wake. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977 nayo ina askari wake. Kilima cha nyuma ya nyumba hakina askari. Mji wa Mwanza unakua kuelekea Kisesa, viwanja vinapimwa, mawe yanapasuliwa kuwa kokoto, na vichaka vinakuwa kuni. Anayepasua kokoto mara nyingi ni mama anayetafuta ada ya mtoto, na wakati mwingine ni Mkristo wetu anayekaa kiti cha tatu kanisani. Somo lolote linalomsahau mama huyo halitatusaidia.

Jinsi Shinyanga ilivyopoteza miti yake

Kusini mwetu, Shinyanga, kuna historia ambayo kila kamati inapaswa kuijua. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kufyeka misitu mikubwa ili kufukuza mbung'o, ambao walieneza ndorobo kwa ng'ombe na malale kwa watu. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o, aliweka kazi yake Shinyanga, na watu waliitwa kwa maelfu kupitia kwa watemi wao kwenda kufyeka. Kwa kiasi fulani walifaulu: mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, na pamba ikapata mashamba mapya. Lakini kuni, kivuli, asali na majani ya kiangazi viliondoka pamoja na mbung'o.

Wakati huo wote Wasukuma walikuwa na njia yao ya kujikinga. Mfugaji alitenga kipande cha ardhi mvua zilipoanza na kukifunga, mifugo isiingie. Majani yalikua na miti ikachipua kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwamo ardhini. Kiangazi kilipokaza, kuanzia Julai au Agosti, kipande kilifunguliwa sehemu kwa sehemu, wakitangulizwa ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Hiyo ndiyo ngitili. Tafadhali mwangalie jambo moja: mtu hakupanda kitu. Alichofanya ni kuzuia, na kuzuia ni kazi ngumu kuliko kupanda, kwa sababu kupanda humalizika siku moja, na kuzuia hudumu miezi minane.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka kwenye maeneo yao ya asili. Ngitili nyingi zikabaki bila mwenyewe, na kisichokuwa na mwenyewe kililishwa na kukatwa na kila mtu. Kufikia mwaka 1986 ngitili zilizojulikana katika mkoa ule zilikadiriwa kufika hekta 600 tu.

Mwaka huo ndipo serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ambao baadaye ulisaidiwa na Norway na watafiti wa kilimo-mseto kutoka ICRAF. Maofisa walifika na walichokifanya wataalamu wengi wakati ule, yaani vitalu vya miche. Busara yao ilionekana pale walipowasikiliza wazee na kuweka nguvu kwenye ngitili. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, eneo lililorudi lilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla haujamegwa mwaka 2012 na kuzaa Simiyu na sehemu ya Geita. Mwaka 2010 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Nani aliyezilinda

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Serikali isingeweza kuajiri walinzi wa ngitili zote hizo. Zililindwa na wanavijiji, na tunaona sababu zilizowafanya wasichoke.

Kwanza, waliamua wenyewe. Wasukuma wana dagashida, mkutano mkuu wa jadi ambapo sheria hujadiliwa na adhabu hupangwa. Dagashida ilisema ngitili ipi ifungwe, lini ifunguliwe, na anayelisha kwa wizi alipe nini. Sungusungu, ulinzi wa jadi ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe na kutambuliwa na sheria mwaka 1989, walihakikisha faini inalipwa. Halafu serikali za vijiji ziliziandika sheria hizo kuwa sheria ndogo. Aliyekuwa zamu ya kulinda hakuwa anatekeleza agizo la mgeni mwenye gari. Alikuwa analinda neno lake mwenyewe mbele ya majirani waliomsikia akilitoa.

Pili, walivuna. Jambo hili tunaona haya kulisema katika vikao vya kanisa, kana kwamba kujitolea kunapoteza baraka mtu akipata faida. Utafiti uliofanywa na wizara husika pamoja na shirika la IUCN, na kutolewa mwaka 2005, ulikadiria kwamba mazao ya ngitili yalikuwa na thamani ya takriban dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa kama dola 8.50 kwa mwezi. Hizo ni kuni, nguzo, majani ya kuezekea, dawa, asali, uyoga, mboga za porini na malisho. Mama aliyekuwa akienda mbali kutafuta kuni alizipata karibu. Kuna vijiji vilivyotumia mapato ya ngitili ya kijiji kujenga madarasa. Mlinzi wa namna hii hana posho, lakini si kweli kwamba hapati kitu.

Tatu, ardhi ilikuwa na mwenyewe anayejulikana. Uchunguzi wa mwishoni mwa miaka ya 1990 katika vijiji 172 ulihesabu ngitili 18,607. Kati ya hizo, 284 tu ndizo zilikuwa za jumuiya. Zilizobaki zote zilikuwa za kaya. Takwimu hii inatusumbua kidogo, na tutaeleza sababu hivi punde.

Wanyama nao walirudi. Watafiti waliorodhesha aina 145 za ndege na aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo katika ngitili zilizorejeshwa. Hakuna aliyewaleta kwa lori. Walipata majani, maji na utulivu, wakaja.

Mambo ambayo sifa huyaficha

Tungekuwa tunawadanganya wasomaji wetu kama tungeishia hapo. Ngitili nyingi kuwa za kaya kuna maana kwamba mwenye ardhi nyingi na ng'ombe wengi alipata zaidi. Kijana asiyerithi, mjane aliyenyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu, na mtu aliyeuza kipande chake mwaka wa njaa, walibaki nje ya uzio wakiangalia miti ya wengine ikistawi. Na katika dagashida sauti zilizosikika zaidi zilikuwa za wanaume. Kanisa likijiunga na mpango wa namna hii bila kuuliza habari za wajane, litakuwa limebariki uzio tu.

Wanyama wanaporudi, hawarudi kanga na sungura peke yao. Fisi naye hurudi. Utafiti ule ule ulikadiria hasara inayoletwa na wanyamapori kuwa kama dola 65 kwa kaya kwa mwaka. Wengi walioulizwa waliona faida inaizidi hasara, lakini wastani haumfariji mwenye mbuzi watatu aliyeamka na kukuta wawili. Kama kamati inataka kilima kirudi kuwa pori, izungumze mapema kuhusu mazizi imara na kuhusu namna ya kumfuta machozi aliyepata hasara. Usukumani kuna jambo la ziada, kwa kuwa fisi huhusishwa na uchawi na tuhuma hizo huishia kwa vikongwe. Hili ni la kichungaji, na halimo katika kitabu chochote cha uhifadhi tulichokisoma.

Sungusungu pia wana historia ya pande mbili. Walirudisha amani kwenye vijiji vilivyochoshwa na wizi, na pia kuna mahali walipopiga watu na kufukuza wanawake wazee kwa tuhuma tu. Ulinzi wa kujitolea unahitaji mtu wa kuwalinda watu dhidi ya walinzi. Kwa maoni yetu adhabu yoyote ipitie serikali ya kijiji, iandikwe, na risiti itolewe.

Habari ya posho

Turudi kwenye swali la kamati. Tumeona mara nyingi kwamba posho ya siku ya semina huwaita watu, na ikikatika huondoka nao. Lakini hatukubaliani na wanaosema kwamba maskini ajitolee bure kwa sababu ni kazi ya Mungu. Anayeshinda kilimani siku nzima hajalima, na watoto wake watakula nini?

Kenya, harakati ya Green Belt iliyoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977 ilipata njia ya katikati. Wanawake walipewa malipo madogo kwa kila mche uliopona, na si kwa kila mche uliopandwa. Malipo yalifuata uhai wa mti. Profesa Maathai alipata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, lakini sisi tunamshukuru zaidi kwa hesabu hiyo ndogo. Kwa mazingira yetu inaweza kuwa haki ya kwanza ya kukata majani ya kuezekea, au kuweka mizinga, au kuokota kuni zilizokauka kwa siku zinazokubaliwa. Mama wa kokoto awe mtu wa kwanza kufikiriwa katika haki hizo, kwa kuwa ndiye tunayemwomba aache kitu.

Kwa upande wa ziwa tunalo somo la ziada. Gugu maji lilipofunga mialo ya Ziwa Victoria katika miaka ya 1990, wavuvi waliling'oa kwa mikono, huku wataalamu wakizalisha wadudu wa kulila. Wavuvi hawakuhitaji kuhamasishwa sana, kwa maana mtumbwi ulikuwa hautoki. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, tulivyozoea kuviita BMU, navyo vilianza kuundwa katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Vina kazi ngumu zaidi: anayetumia nyavu haramu ni shemeji yako, na doria ni usiku, majini. Tunaona vinafanya vizuri pale mwalo unapowachagua viongozi wake kwa uhuru, na vinadhoofika pale kikundi kinapoonekana kuwa mkono wa ofisi.

Neno kwa wafadhili wetu

Ndugu zetu, fomu zenu nyingi zina kisanduku cha idadi ya miche. Tunakijaza, na tutaendelea kukijaza, maana kuna mahali ambapo kupanda kunahitajika kweli, hasa pale ambapo visiki na mizizi vimekwisha. Ombi letu ni kisanduku cha pili: eneo lililofungwa likabaki limefungwa, misimu mingapi. Kilima kilicholindwa miaka mitano bila kupandwa hata mti mmoja kitaonekana tupu kwenye fomu ya sasa, ilhali ndicho chenye pimbi, ndege na chemchemi. Gharama zake nazo ni za namna nyingine. Fedha zitakwenda kwenye mikutano ya kijiji, upimaji wa mipaka, daftari, buti na tochi, na safari za halmashauri kufuatilia sheria ndogo. Havipendezi kwenye picha. Vinachukua muda pia, na mradi wa mwaka mmoja hautavifikisha popote.

Mahali pa kuanzia Bujora

Hatupendekezi kuiga Shinyanga nzima nzima. Kisesa haina nafasi ya ngitili za hekta nyingi, na sehemu zake zinageuka mji. Kinachowezekana ni vilima vidogo vya mawe, ardhi za sharika na shule, na ukanda wa ziwa. Sheria zipo za kutusaidia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Sheria ndogo hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Palipokwisha kuwa mtaa wa mji utaratibu ni mwingine, kwa hiyo ulizeni kwanza kwa mtendaji kabla ya kuweka kibao.

Tunashauri pia kamati ziende Bujora kuonana na wenzetu Wakatoliki na viongozi wa vyama vya ngoma. Pori halina dhehebu, na Wagika na Wagalu wanajua kushindana kuliko sisi sote. Vilima viwili vinavyotazamana, kila kimoja na chama chake, vinaweza kulindwa kwa wivu mzuri ambao hakuna semina inayoweza kuuleta.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Andiko la Mwanzo 2:15 linampa mtu bustani pamoja na kazi ndani yake. Katika usharika wetu ni eneo gani, kwa jina lake la kienyeji, ambalo sisi wenyewe tuna uwezo wa kulifunga?

2. Nani anaishi kwa eneo hilo sasa hivi? Taja kazi zao: kokoto, kuni, mkaa, malisho, kilimo cha bustani. Kati yao nani amealikwa kwenye kikao hiki, na kama hakualikwa, ni kwa nini?

3. Likifunguliwa kiangazi, nani ataingia kwanza? Wajane wana nafasi ya ngapi?

4. Atakayevunja sheria akiwa mzee wa kanisa au mtoto wa mchungaji, faini yake itakuwa kiasi gani, na nani atakayemwandikia risiti?

5. Daftari la ulinzi litakaa kwa nani, na nani mwingine atakuwa na ruhusa ya kulisoma?

Tunaomba majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao na kuletwa ofisini kabla mvua za vuli hazijaanza, kwa sababu eneo litakalochelewa kufungwa wakati huo litasubiri msimu mwingine.